Dumu la Mwisho Kwenye Foleni

2 Novemba

Nimelihamisha friji kutoka chumbani hadi barazani. Halijawahi kugandisha kitu tangu nilipolipata. Limejaa vitabu, na mpira wa mlango wake unazuia vumbi na mchwa kuliko kabati lolote la mbao. Vyote ni vitabu vya kutisha: wafu wanaorudi, nyumba zinazosikiliza, mbwa wasio na kivuli. Jumamosi mchana watu wa zoni yetu huja kuazima. Wasiosoma Kiingereza wala Kifaransa hukaa chini nikawasomea kwa Kiswahili, nikitafsiri papo hapo.

Wananiita Mzee wa Mashetani. Nilikuwa ripota Bujumbura, kisha Uvira. Sasa naripotia redio ya hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, na gazeti moja la Lilongwe likitaka aya chache kuhusu kambi, linanipigia. Watu huniuliza inakuwaje mtu aliyeona niliyoyaona akatafuta vitisho tena kwenye karatasi. Katika kazi yangu, aliyekufa hakurudi kuuliza chochote. Kwenye hadithi hizi anarudi, na kila mtu analazimika kumsikiliza.

Leo nilisoma ile ya jumba lenye theluji. Gakiza, fundi baiskeli, aliinua mkono katikati, akauliza kwa Kiswahili cha Kongo.

"Papa Honoré, hii nyumba iko na byumba makumi mbili, na ndani ni bantu babili tu?"

"Ndiyo."

"Sasa baogope nini? Bapangishe!"

Baraza zima lilicheka, na usomaji ukaishia hapo. Sikuona kosa katika hoja yake. Ndani ya friji langu hamna mzimu hata mmoja aliyewahi kupanga foleni.

6 Novemba

Vumbi. Hakuna la kuandika.

11 Novemba

Amenipigia Bi Tadala, Mmalawi anayechapisha vitabu nyumbani kwake Area 47, mtaa wa Lilongwe. Husoma aya zangu gazetini. Anakusanya hadithi za kutisha kutoka kwa watu ambao hakuna anayewachapisha, wa Malawi na wa nchi jirani, na ameuliza kama kambini kuna mwandishi wa aina hiyo. Anataka hadithi kabla ya Machi. Nilimwambia nitatafuta. Sikumwambia kwamba natafuta tangu nilipofika hapa.

14 Novemba

Nilikwenda sokoni kuuliza habari za umeme. Nikipita saluni ya Kamaliza nikamwona mteja ameshika kiti kwa mikono miwili, macho yamemtoka. Nilidhani anasukwa kwa kubanwa sana. Kumbe alikuwa anasimuliwa.

Kamaliza ni Mnyarwanda aliyekulia Bukavu, mwanamke mpana mwenye sauti ya chini, na hajui unyenyekevu. Anasuka na kusimulia kwa pamoja. Vidole vinakwenda na hadithi, na akifika mahali pa kuvuta nywele za kisogoni, panapouma, ndipo mlango wa kwenye hadithi unapofunguka.

"Kwa nini unawatisha?" nilimuuliza.

"Muntu anaogopa, hatikise kichwa," alisema. "Angalia hii mistari. Uliona saluni ingine yenye mistari imenyooka hivi? Hakuna. Ile ingine banapigaka muziki, kichwa inacheza."

Nilisimama nje mpaka mwisho. Mteja alilipa, akatoka, akarudi kuuliza kama yule mwanamke wa kwenye hadithi alikuwa wa zoni gani.

Nilimweleza Kamaliza habari za Bi Tadala. Hakuacha kusuka.

"Jina yangu itakuwa mu kitabu?"

"Nitahakikisha."

"Yote? Si batie 'mama moja wa kambi'?"

"Lote."

"Basi leta mashine yako. Mi siandikake, mikono iko na kazi. Nitasema, we utaandika."

19 Novemba

Mawingu yalikuja, yakazunguka mlima, yakaondoka.

27 Novemba

Mvua ya kwanza, saa kumi jioni. Watu walitoka nje na ndoo na masufuria, hata wasio na haja ya maji.

30 Novemba

Nimerekodi. Kamaliza alikataa kusimulia bila kichwa cha kusuka, kwa hiyo tulimtafuta mteja, naye ndiye anayesikika akiguna kwenye kinasa sauti. Naandika hapa kifupi cha hadithi, kwa sababu kinasa changu si cha kuaminika.

Mwanamke anafika bombani akiwa wa mwisho. Nyuma yake anakuja mwingine, na kumuuliza kwa upole: "Mama, foleni inasogea?" Anajibu bila kugeuka: inasogea. Siku ya pili, swali lile lile, jibu lile lile. Siku ya tatu anageuka. Hakuna mtu. Kuna dumu tu, la njano, limefungwa kamba ya bluu kwenye mshikio, na halina kitako: ukiliangalia kwa juu unaona udongo. Anageuka mbele. Foleni inasogea, miguu yake haisogei. Wanaokuja wanasimama mbele yake kana kwamba hayupo. Jua linapanda. Anasikia kitu kiganjani, anatazama, ni kamba ya bluu. Na mbele yake kuna mgongo wa mama aliyefika sasa hivi. Kinywa chake kinafunguka chenyewe: "Mama, foleni inasogea?"

Nimesoma vitisho maisha yangu yote. Niliposikia swali lile mara ya mwisho, nywele za mkono zilisimama. Hapa hapana jumba wala theluji. Ni dumu tu, kitu ambacho kila nyumba inacho.

7 Desemba

Redio ilirusha hadithi saa tisa mchana, kwa sauti ya Kamaliza, mgunaji na yote. Barazani kwangu watu walikaa mpaka kwenye matope. Gakiza hakuinua mkono. Mwishoni alisema tu: "Hii haipangishwe," akaenda zake akisukuma baiskeli bila kuipanda.

Kamaliza alipita jioni kusikia sifa. Zilikuwapo za kutosha. Alizipokea zote.

10 Desemba

Mvua. Nimemaliza tafsiri ya Kiingereza, nikaituma.

15 Desemba

Mchungaji Nsabimana amehubiri dhidi yetu. Nilikuwa nyuma, ndani ya kanisa, nimesimama. Nanukuu: "Kuna hadithi zinafukuza watu kwenye maji. Kuna wanaocheza na waliolala. Nasema iachwe." Hakutaja jina. Hakupaza sauti. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye sala ya mwisho, ilhali mahubiri yake huwa marefu.

Nsabimana ni Mrundi wa Ngozi, mjane, mtu mrefu asiyependa mzaha. Nimewahi kukutana na wachungaji wa namna yake katika nchi tatu. Wanaanza na vitabu, na hawaishii hapo.

Kamaliza huimba kwaya katika kanisa hilo. Alinipita mlangoni amekunja uso.

"Umesikia? Eti ninafukuza bantu! Mi niko nabafundisha kuamuka mapema, basikuwe ba mwisho."

19 Desemba

Bi Tadala ameikubali. Amesema ndiyo itakayofungua kitabu. Kisha akasema juu ya hadithi ataandika "sauti kutoka kambini," kwa sababu wasomaji wa Lilongwe hawamjui Kamaliza. Nilimjibu kwamba kitabu chake ni cha watu wasiojulikana, na hatuwezi kuwatoa gizani huku tumewafunika kichwa. Akasema atafikiri.

Kamaliza nilipomwambia: "Sauti iko na mwenyewe."

25 Desemba

Mvua tangu asubuhi. Majirani wameniletea nsima, ugali wa huku, na kipande cha kuku. Zikomo, nikasema, yaani asante, nao wakacheka matamshi yangu kama kila mwaka.

28 Desemba

Bi Tadala amefikiri. Jina litaandikwa, lote. Waandishi watasomea watu nyumbani kwake tarehe 8 Machi.

4 Januari

Nimesikia mambo ya bombani. Mimi huletewa maji na kijana wa kabaza, teksi ya baiskeli, kwa sababu ya mgongo, kwa hiyo bomba nalijua kwa habari. Habari ni hii: kuna dumu la kweli. La njano, kamba ya bluu. Huwa la mwisho kila asubuhi. Tangu redio irushe hadithi, watu hawataki kusimama karibu nalo. Juzi mtu fulani alilipiga teke likaviringika hadi mtaroni, likagonga jiwe, likapasuka. Waliokuwapo walipiga makofi.

Sikupenda hayo makofi. Nilikwenda kumuuliza Kamaliza.

"Uliona dumu hilo kabla ya kutunga?"

"Nililiona. Bomba ya kwetu ilikufa mwezi wa kenda, nikakuwa nachota kule kwenu. Asubuhi na asubuhi nafika kati ya ba kwanza, nikitoka na maji naona bidoni iko nyuma, haina mwenyewe. Nikasema, hii kitu iko na hadithi."

"Hukuuliza ya nani?"

"Papa Honoré, mi ni musuka nywele. Kuuliza njo kazi yako."

11 Januari

Nilikwenda na kinasa sauti kwa Mchungaji Nsabimana kumhoji kuhusu mahubiri yake. Nilikuwa nimeandaa maswali, mengine makali. Nayaweka hapa pembeni kwa sababu hayakuulizwa.

Alikuwa nyuma ya nyumba, amechuchumaa kwenye moto mdogo wa mkaa. Alikuwa na kisu kinachopashwa moto na vipande vya beseni bovu. Alikuwa anayeyusha plastiki na kuipaka kwenye ufa, taratibu, kama mtu anayepaka dawa kidonda. Dumu lilikuwa la njano. Kamba ya bluu ilikuwa imejaa majivu.

Nilizima kinasa kabla hajaona kama kimewaka.

"Keti, Papa Honoré," alisema. "Utanishikia huku, isicheze."

Nilishika. Plastiki ya moto inanuka vibaya. Tulifanya kazi mpaka ufa ukafungwa, ndipo akanieleza.

Kwenye zoni yetu kuna desturi ambayo nimeiandika gazetini mimi mwenyewe. Mama wa nyumba akifariki, majirani huweka dumu lake kwenye foleni siku zote za msiba. Wanalisukuma mbele kwa mguu, linajazwa, linapelekwa nyumbani kwake. Siku ya kumaliza kilio, dumu hupewa mtu mwingine, na nyumba inaanza kuchota kama nyumba nyingine. Mke wa Mchungaji, Dévote, alikufa kwa presha mwaka juzi. Siku ya kumaliza kilio ilipofika, Nsabimana hakulitoa. Asubuhi iliyofuata alilipeleka bombani mwenyewe, akaliweka mwisho, akasimama pembeni chini ya paa la kinu cha kusaga mahindi. Alipokuja mtu, alilirudisha nyuma yake. Akaja mwingine, akalirudisha tena. Bomba lilipofungwa alirudi nyumbani na dumu tupu. Maji yake hununua kwa watu wa kabaza, kama mimi.

"Majirani wa karibu wanajua," alisema. "Wananinyamazia. Wengine wanafikiri napanga tu foleni."

"Kwa nini usilisogeze mbele?"

Alifuta kisu kwa jani.

"Dévote alikuwa anapisha watu. Mama mwenye mtoto, anapisha. Muzee, anapisha. Nilikuwa namugombeza: wewe utafika saa ngapi? Anasema, nitafika tu. Sasa mimi nikilisogeza, nikalijaza, nikarudi, siku hiyo njo imekwisha kabisa. Unaelewa?"

Nilielewa. Nilimwambia nitaiomba redio isiirudie hadithi, na Kamaliza ataitoa kitabuni.

Akanitazama kama mtu aliyeonewa.

"Aitoe kwa nini? Hadithi ni nzuri. Nimeisikiliza mara zote walizoirudia. Mi napenda bitisho toka utoto. Nyanya yangu alikuwa anatutisha mpaka tunalala wote kitanda kimoja."

"Lakini ulihubiri iachwe."

"Nilisema bidoni iachwe. Watu waliache." Alifikiri. "Labda sikusema vizuri. Ile siku nilikimbilia sala ya mwisho."

Nimeangalia nukuu yangu ya tarehe 15. Maneno niliyaandika yote, sawasawa. Maana nilijaza mwenyewe.

Alinisindikiza hadi njiani. Hapo akauliza, kwa sauti ya mtu anayeazima kitabu: "Papa Honoré. Yule mama wa hadithi. Mwishoni anafikaka bombani?"

Nilisema mwandishi hajasema.

12 Januari

Nilimwambia Kamaliza baada ya ibada, nyuma ya saluni, mvua ikigonga bati. Kwanza alikasirika.

"Mi ningejua je? Iko na alama? Iliandikwa jina?"

Kisha akakaa kwenye kiti cha wateja, mahali ambapo sijawahi kumwona amekaa.

"Dévote nilimusuka," alisema. "Siku ya kumuzika, mi njo nilimusuka. Mistari mingi midogo. Nikamusukia kimya. Njo kichwa moja tu nilisuka bila kusema kitu."

Nilifunga daftari langu.

"Toa hadithi," alisema. "Umwambie ule mama wa Area 47, imekufa."

18 Januari

Sijampigia Bi Tadala.

23 Januari

Mvua siku tatu mfululizo. Choo cha majirani kimeanguka. Hakuna aliyeumia. Nimeripoti.

25 Januari

Nilimwambia Kamaliza nisichokuwa nimemwambia mtu. Kwamba nimesoma vitisho vya watu wa mbali miaka yote nikingoja kimoja cha kwetu, na sasa kimekuja, na mimi nisiyeamini mambo mengi naamini kinastahili kusomwa. Nikamwambia pia ambacho Mchungaji aliuliza.

"Aliuliza kama anafika?"

"Ndiyo."

"Hafike. Akifika, hadithi imekwisha. Njo kanuni."

"Nami nilifikiri hivyo."

"Basi kwa nini unaniangalia hivyo? Kama mbuzi yenye kungoja chumbi?"

Nilikwenda zangu.

8 Februari

Kijana wa kabaza anayeniletea maji anasema Kamaliza ameonekana bombani kwetu, ingawa bomba la kwao limeshatengenezwa. Anakuja mapema na anasimama nyuma ya dumu la kamba ya bluu. Nyuma kabisa. Mchungaji anapotaka kulirudisha nyuma yake, Kamaliza anarudi nyuma zaidi. Wakafanya hivyo asubuhi nzima, mpaka wote wawili wakawa karibu na barabara, na watu wakaanza kucheka, wao pia.

"Walikuwa wanaongea?" niliuliza.

"Mama anasema tu: Muchungaji, mi niko wa mwisho leo. Na yeye anasema: hapana mama, hii njo ya mwisho."

9 Februari

Mgongo au si mgongo, nimechukua ndoo yangu nikaenda kuona. Ni kweli.

15 Februari

Mahindi mabichi ya kwanza sokoni, kutoka Madisi. Njaa itapungua kidogo.

22 Februari

Kamaliza ameniita na kinasa sauti. Kwenye kiti cha wateja alikaa Mama Béatrice, mwenye nywele ngumu kuliko wote sokoni. Mlangoni, kwenye kreti ya soda iliyopinduliwa, alikaa Mchungaji Nsabimana, kofia magotini, akitazama mvua. Kamaliza hakueleza kwa nini yupo. Alianza kusuka.

Hadithi ilikwenda kama ilivyokuwa, neno kwa neno, mpaka siku ya tatu. Sauti inauliza: "Mama, foleni inasogea?" Mwanamke anageuka. Hapo Kamaliza alivuta nywele za kisogoni, Mama Béatrice akaguna, na hadithi ikachukua njia nyingine.

Mwanamke analiona dumu lisilo na kitako. Anaogopa hadi meno yanagongana. Miguu imeshaanza kushikwa na udongo. Lakini alilelewa vizuri, na mdomo wake unasema kile ambacho mdomo uliolelewa vizuri husema kwa aliyechoka. "Pita, mama." Miguu inaachiliwa. Kitu kinapita ubavuni mwake, baridi, kama upepo wa kisimani. Wa mbele yake naye anasikia swali, naye anageuka, naye anaogopa, naye anasema pita. Hivyo hivyo foleni nzima, mmoja mmoja, kila mmoja akitetemeka. Dumu linafika bombani. Maji yanafunguliwa. Yanaingia juu na kutoka chini, dumu halina kitako, halitajaa leo wala kesho. Na wote wamesimama na madumu yao matupu, wanaona halitajaa.

"Na mpaka leo banangoja," alimaliza Kamaliza. "Na hakuna mwenye kumuambia: ondoka."

Alifunga mstari wa mwisho. Mama Béatrice alikuwa hajatikisa kichwa hata kidogo. Mimi nilikuwa natazama mgongo wa Nsabimana.

"Amefika," alisema bila kugeuka.

"Amefika," alisema Kamaliza. "Na haijakwisha."

"Inatisha kuliko ya kwanza."

"Najua."

Mchungaji alivaa kofia akaondoka kwenye mvua. Nilimuuliza Kamaliza kama amevunja kanuni.

"Kanuni ya nani? Ya mule mu friji yako?"

1 Machi

Bi Tadala amesoma tafsiri mpya. Ameniambia alilazimika kutoka nje kukaa juani. Nimempa Kamaliza ujumbe huo. Ameomba niurudie.

5 Machi

Tumepata karatasi za ruhusa ya kutoka kambini, yangu na ya Kamaliza. Tulizifuata ofisini zaidi ya tulivyopenda. Mchungaji alikuja kutuaga. "Mutaniambia kama walinyamaza," alisema.

8 Machi

Area 47, saa nane mchana, jua kali baada ya mvua. Watu walikaa kwenye ukumbi wa Bi Tadala na wengine kwenye nyasi. Wanafunzi, walimu, jirani aliyekuja kwa ajili ya vinywaji, na wafua nguo wawili kutoka mtaa wa Kauma wanaofanya kazi nyumba ya pili. Bi Tadala ni mdogo kuliko sauti yake. Alimpokea Kamaliza kwa kupiga magoti, kama Wamalawi wanavyowapokea mama zao, na Kamaliza akamwinua kwa mikono miwili.

Waandishi wengine walisoma kwa Kiingereza na Kichewa. Mmoja, kijana wa Mzuzu, ana hadithi ya kinu kinachosaga usiku bila mahindi. Nitamtafuta.

Kamaliza alikataa kusimama bila kichwa. Bi Tadala aliketi kitini mwenyewe, mbele ya wageni wake, akafungua kitambaa. Kamaliza akasuka na kusimulia, mimi nikatafsiri nyuma yake sentensi kwa sentensi. Kufikia siku ya tatu niligundua hakuna anayeningoja. Walikuwa wanatazama vidole. Alipovuta za kisogoni, wafua nguo wa Kauma, wasiojua Kiswahili, walishikana mikono.

Walinyamaza. Nimepima ukimya mwingi katika kazi hii, wa hofu na wa adabu. Huu ulikuwa na vyote viwili.

Mwanafunzi mmoja aliuliza kama dumu hilo lipo kweli.

"Liko," alisema Kamaliza. "Lakini lile la kwetu liko na mwenyewe, na anaitwa Dévote." Nikatafsiri. Sauti yangu haikuwa na tatizo, isipokuwa kwenye jina.

Bi Tadala alituonyesha ukurasa wa kwanza wa kitabu. Jina lilikuwapo, lote. Kamaliza aliuweka mkono juu yake, akauinua kuona kama bado lipo, akauweka tena.

10 Machi

Nimeamka mapema nikaenda bombani na ndoo. Foleni ilifika kwenye kinu. Dumu la njano lilikuwa mwisho, kiraka cha plastiki kikiwa cheusi ubavuni, na Nsabimana chini ya paa.

Kamaliza alifika baada yangu. Nsabimana akatoka kulirudisha nyuma yake, kama kawaida. Kamaliza aliweka mguu nyuma ya dumu.

"Muchungaji," alisema. "Pita."

Nsabimana alisimama ameinama, mkono kwenye kamba. Mimi nilikuwa mbele yao. Nilisema pita. Mbele yangu alikuwa Gakiza, na ndoo mbili za mke wake.

"Papa Pasta, pita," alisema Gakiza. "Na usiniulize kama inasogea, tafadhali. Bado sijapona."

Mtu alicheka. Wa mbele yake akageuka kuona kinachochekesha, akaona, akasogeza ndoo yake pembeni. Sikuhesabu waliobaki. Wengine walilisukuma kwa mguu, kama tunavyofanya wakati wa msiba. Mama mmoja ambaye nadhani alikuwapo siku ya teke aliliinua kwa mikono miwili akaliweka mwenyewe chini ya bomba.

Nsabimana alifungua. Tulisimama tukatazama maji yakiingia. Nakiri kwamba sote, mimi pia, tulitazama chini, kwenye udongo.

Lilijaa. Alifunga kifuniko, akaliinua, akalishusha.

"Ni nzito," alisema.

"Njo maji, Muchungaji," alisema Kamaliza. "Maji iko nzito."

Alilinyanyua tena akaondoka nalo, akipumzika kila baada ya nyumba chache, akibadilisha mkono. Njia ilikuwa kavu tangu jana. Nilitazama nyuma yake mpaka alipokata kona.

Halikuvuja.